Mpira bapa wa TheraBand kwa mazoezi ya bega

Kwa anayetaka mabega yenye nguvu bila kwenda jimu, mpira huu, utepe unaovutika wa kampuni ya TheraBand, unastahili kununuliwa, mradi usikimbilie ule mgumu. Hapo ndipo wengi wanapojiumiza.

Unauzwa kwa rangi. Kati ya zinazotumika zaidi, wa njano ndio laini, kisha unafuata mwekundu, wa kijani, wa buluu na mweusi. Ukivutwa hadi urefu wake uwe maradufu, mwekundu hukaza kwa takriban kilo 1.7, wa kijani 2.1 na wa buluu 2.6. Kwa kusoma tu ni tofauti ndogo, lakini misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega huihisi mara moja. Ikizidiwa, misuli ya shingo huingilia kazi hiyo: bega linapanda kuelekea sikioni, na mwisho wake shingo inauma na bega liko palepale. Jihadhari pia na rangi za kampuni nyingine, kwani nyingi hazifuati mpangilio huu.

Anza na mwekundu, wa mita 1.5 hadi 2. Ufunge kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kiwiko, lakini zungushia kitambaa kwanza. Kutu na rangi iliyobanduka hukata mpira. Simama ubavu kwa dirisha. Mkono wa mbali na dirisha ndio unaofanya kazi, na mpira upite mbele ya tumbo. Kunja kiwiko pembe mraba, bana taulo dogo lililoviringishwa kati yake na mbavu, kisha vuta kiganja kwenda nje. Kifundo cha mkono kisipinde. Rudi polepole ukihesabu hadi tatu, maana kurudi nako ni zoezi. Fanya mara 12 hadi 15, seti mbili kila upande. Taulo likianguka, ujue kiwiko kimetoroka na unavuta kwa mwili.

Zoezi la pili ni kukanyaga mpira katikati na kuinua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, isipite usawa wa bega. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia watu 198 waliokuwa wakiumwa shingo na mabega mara kwa mara. Waliofanya zoezi hili kwa mpira dakika 2 tu kwa siku, siku tano kwa wiki, walipata nafuu na nguvu ndani ya wiki 10, karibu sawa na waliofanya dakika 12. Kwa hiyo usihamie wa kijani kwa haraka. Katika zoezi la kwanza, ukimaliza 15 bila bega kupanda, kwanza sogea hatua moja mbali na dirisha.

Maumivu makali ya usiku, au mkono kushindwa kuinuka baada ya kuanguka, si kazi ya mpira. Nenda kwa daktari.

Kasoro zake? Hauna mishikio, hivyo hujisokota na kuumiza kiganja. Mwenye mzio wa lateksi (utomvu wa mpira) atafute usio na lateksi. Usiuache juani wala ndani ya gari, na upake poda kidogo usigandane. Kagua kila siku kabla ya kuvuta: wenye tobo dogo kama la pini utupe siku hiyohiyo, kwani utakatikia hapohapo, na ncha yake hurukia usoni.