Oveni ya mkaa kwa skonzi za nyama: inafaa, ila kagua bati kabla ya kulipa

Oveni ya mkaa wanayotengeneza mafundi wa kuchomelea hapa Dodoma ni sanduku la chuma lenye mlango wa bawaba, rafu mbili ndani, na kingo juu za kuzuia makaa yasimwagike. Inakaa juu ya jiko la kawaida la mkaa. Haina kipimajoto, lakini umeme ukikatika skonzi zikiwa ndani, kazi inaendelea. Kwa skonzi za nyama tunaikubali, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni bati. Usikubali lile la kuezekea: limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Dai bati jeusi, yaani la chuma kisichopakwa zinki. Ukilibonyeza kwa kidole gumba likaingia ndani, ni jembamba mno. Litapinda kwa joto na mlango hautafunga tena. Mlango nao upime kwa karatasi: ibane kati ya mlango na fremu, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, joto nalo litatokea hapo hapo. Ukishanunua, iwashe tupu, nje, kama saa nzima, mpaka harufu ya mafuta ya kiwandani iishe.

Kwa skonzi 12, changanya unga wa ngano gramu 500, hamira ya chenga vijiko vya chai 2, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko cha chai 1, yai 1, maziwa ya uvuguvugu mililita 250 na siagi gramu 50. Mafuta ya alizeti yanafaa pia badala ya siagi, ila skonzi hazitakuwa na harufu ile. Hewa ya Dodoma ni kavu na unga hukauka ghalani, kwa hiyo mara nyingi utahitaji maziwa zaidi, kijiko kimoja kimoja. Kanda dakika 10 hadi 12. Ukiumuka, funika kwa kitambaa chenye unyevu: ukiachwa wazi unashika ganda juu, na ganda hilo ndilo linalopasuka motoni na kumwaga nyama. Miezi ya Juni na Julai, kwa baridi ile ya asubuhi, subiri hata saa moja na nusu. Oktoba na Novemba dakika 45 zinatosha. Usiangalie saa peke yake, angalia kama umekuwa mara mbili.

Nyama ya kusaga gramu 400 ikaushwe kweli. Kaanga na vitunguu maji 2, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi mpaka ukiburuza mwiko chini ya sufuria hakuna maji yanayorudi. Kotmiri iingie mwisho. Iache ipoe kabisa. Nyama ya moto huyeyusha siagi, unga unalegea na hauungani. Nyama yenye maji huacha unga mbichi unaonata katikati hata juu pakiiva vizuri. Kila donge la gramu 70 hivi linabeba kijiko kikubwa 1 kilichojaa, basi. Kingo zisiguse mafuta, maana hazitashikana. Finya, geuza mshono uwe chini, acha ziumuke tena dakika 30, paka yai.

Sasa moto, na hapa ndipo oveni hii ina kasoro yake kubwa. Ukiwasha kama unavyopika ugali, chini zinaungua na juu zinabaki nyeupe. Makaa mengi yaende juu: theluthi mbili juu, theluthi moja chini, yote yakiwa yameshika na hayana moshi. Trei ikae rafu ya juu, na rafu ya chini weka trei tupu ya kukinga. Pasha dakika 20, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati na ukiingize. Ukipata rangi ya kahawia hafifu kwa dakika 5 hivi, panga skonzi. Ukiwa kahawia iliyokolea kwa dakika 1, punguza makaa ya chini kwanza.

Zinaiva kwa dakika 20 hadi 25. Usifungue mlango dakika 12 za mwanzo. Baada ya hapo geuza trei, hasa kipindi cha upepo mkali wa Dodoma, kwa sababu upepo huchochea makaa ya upande mmoja. Kinga jiko kwa ukuta au bati, lakini usilihamishie ndani ya chumba kilichofungwa: hewa ya mkaa inaua.

Mafundi wengi huweka mpini wa chuma mtupu mlangoni. Mwambie wako afunge wa mbao, na kingo za juu aziinue zaidi. Zikiwa fupi, makaa huanguka ukivuta mlango.