Tahadhari: "Winchester ya Roosevelt" inayozungushwa Nakuru na Njoro

Wenye leseni za bunduki mlioko Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil mpaka Kitale, kuweni macho. Kuna jamaa anayezungusha picha za bunduki ya leva (mpini wa chini unaochezwa kuingiza risasi) kwenye WhatsApp akidai ni Winchester 1895 aliyoitumia Rais Roosevelt wa Marekani kwenye safari yake ya 1909, kwamba ilibaki kwa familia ya walowezi huko Njoro, na kwamba sasa mjukuu anahama nchi na anataka kuiuza upesi. Bei ni shilingi 650,000, ila kwanza utangulize 80,000 kwa M-Pesa "za kuhamisha leseni." Bunduki iliyo kwenye picha si 1895, haikuguswa na Roosevelt, na hizo 80,000 hazihamishi leseni ya mtu yeyote. Mzee jirani yangu alikuwa ameshaingiza namba kwenye simu, amebakiza PIN tu. Mtu mmoja wa Molo alishatuma.

Hadithi yenyewe inaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Theodore Roosevelt alitua Mombasa mwezi wa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kuondoka madarakani, akiwa na mwanawe Kermit, kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Aliwinda viboko Ziwa Naivasha, akafika Uasin Gishu, akawatazama vijana wa Kinandi wakimuua simba kwa mikuki. Na kati ya bunduki alizobeba kulikuwa kweli na Winchester 1895 ya risasi ya .405, ambayo aliisifu sana kwa simba. Ukitafuta mtandaoni utayakuta haya yote, na ukishayakuta moyo unatulia, mkono unaanza kutafuta pesa. Lakini hayo yote yanamhusu Roosevelt. Hakuna hata moja linaloihusu bunduki iliyo kwenye simu ya huyu jamaa.

Nilimwomba picha nne: ubavu wa kulia, sehemu ya chini kutoka mbele ya kifyatulio, maandishi ya mtutu na namba iliyochongwa. Alizituma bila kusita, kumaanisha ama haijui bidhaa yake au anajua kwamba wengi hawaulizi.

Aina ya 1895 huhitaji hata miwani kuitambua. John Browning aliibuni ikiwa na hazina ya risasi ya kisanduku, inayojitokeza chini ya bunduki mbele ya kifyatulio, na risasi hupangwa ndani yake moja juu ya nyingine. Ile ya 1894, ambayo pia ni kazi ya Browning, ina bomba refu chini ya mtutu na risasi hulala humo zikifuatana. Picha niliyotumiwa ina bomba, kisanduku hakuna. Mtutu wenyewe umeandikwa 30-30, na Winchester hawakutengeneza 1895 ya risasi hiyo. Hapo mazungumzo yangeisha.

Hayakuisha. Nilipomwambia, akajibu kwa sauti ya upole kabisa: "Mkubwa, wewe angalia namba. Inaanza na TR. Hayo si majina yake?"

Na kweli namba inaanza na TR. Kitako kina nishani ya Roosevelt, na chuma cha katikati kinang'aa kama fedha. Hapa ndipo jirani yangu alipokwisha, na simlaumu, maana jina la mtu limo ndani ya bunduki yenyewe. Ila mwaka wa 1969 Winchester walitoa toleo la ukumbusho la Roosevelt, wakitumia Model 94 (ndiyo ile ile 1894) ya kawaida iliyopakwa dhahabu nyeupe, yenye nishani kwenye kitako na namba zinazoanza na TR. Roosevelt alikuwa amefariki tangu 1919. Wala si bunduki chache za wateule: yalitengenezwa makumi ya maelfu. Kiwanda kilikuwa na kawaida hiyo miaka ile, kila baada ya muda mfupi toleo la ukumbusho wa jambo fulani, na watu wakanunua wakaweka kabatini wakisubiri bei ipande. Kwa kuwa kila mtu aliweka kabatini, bei haikupanda sana.

Basi bunduki hiyo ipo, ni halali kuitwa ya Roosevelt kwa maana ya kumkumbuka, na ina thamani yake. Thamani hiyo inategemea mambo ambayo muuzaji hakuyataja hata mara moja. Mnunuzi wa matoleo ya ukumbusho anataka isiyowahi kupigwa risasi, ikiwa na sanduku lake la karatasi na makaratasi ya kiwandani. Leva ikishachezwa mara nyingi huacha mikwaruzo kwenye ile rangi ya juu, na huwezi kuirudisha. Ikishapigwa risasi, inabaki kuwa 30-30 ya kawaida iliyovaa nguo za harusi. Picha za huyu jamaa zinaonyesha mikwaruzo pande zote za leva na ubao wa mbele wenye alama za kushikwa kwa miaka. Kwa Marekani kwenyewe, zinakotoka, ya hali hiyo huuzwa kwa dola mia kadhaa, wakati 1895 halisi ya .405 iliyotunzwa huhesabiwa kwa maelfu. Sasa linganisha na laki sita na nusu.

Alipoona hanipati kwa Roosevelt, alinitolea bunduki ya pili: "Model 94 ya kabla ya 1964, imetunzwa kama mpya." Huyu angalau anajua kwamba mwaka huo una maana. Mwaka wa 1964 Winchester walibadilisha utengenezaji kupunguza gharama, ubora ukashuka, na tangu hapo wakusanyaji hulipia zaidi zilizotangulia. Kuipima hiyo hadithi ni rahisi. Namba huwa chini ya chuma cha katikati, upande wa mbele, na bunduki za utengenezaji mpya zilianzia 2,700,000. Namba ya hiyo ya pili inaanza na milioni tatu na kitu. Nikamtumia ujumbe mfupi tu: "Hii ni ya baada." Akanyamaza saa nzima, akarudi na bei ya chini.

Na hilo neno "kama mpya" liogopeni peke yake. Bunduki ya umri huo inayong'aa kote mara nyingi imesuguliwa na kupakwa rangi upya. Utaona kingo zilizopaswa kuwa kali zimekuwa butu, herufi za kiwanda zimefifia upande mmoja, na matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani kwa sababu ya msasa. Mkusanyaji yeyote atakuambia afadhali rangi ya asili iliyochakaa kwa kushikwa kuliko mng'aro wa fundi. Mimi binafsi ningelipa zaidi kwa bunduki mbaya ya uaminifu. Tena rangi ya nje haikuambii chochote kuhusu ndani ya mtutu, na ndani ndiko kwenye kazi: risasi za zamani zilikuwa na fataki (kiwasha baruti kilicho kitakoni mwa risasi) zenye chumvi, zisiposafishwa siku hiyo hiyo mtutu unapata vidonda vya kutu ambavyo hakuna fundi wa kuviondoa. Mwombe muuzaji picha ya ndani ya mtutu yenye taa upande wa pili. Huyu wetu alisema kamera yake haiwezi. Kamera hiyo hiyo ilikuwa imenipigia nishani kwa ukaribu mpaka nikaona vumbi.

Kuna jambo moja lililonikasirisha zaidi ya bei. Aliahidi kuongeza "risasi arobaini za ncha kali, za bure." Kwenye bomba la Model 94, ncha ya risasi moja hugusa fataki ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana 30-30 za kawaida huwa na ncha bapa. Risasi ya ncha kali ya chuma ikigonga fataki pale bunduki inaporuka, bomba linaweza kulipuka chini ya mkono wako wa kushoto. Sijui kama hajui au hajali, na kwako wewe mnunuzi matokeo ni yale yale.

Sasa hizo 80,000. Cheti cha bunduki nchini hutolewa kwa mtu, kwa ajili ya silaha iliyotajwa humo, na Bodi ya Leseni za Silaha. Hakihami pamoja na bunduki kama kitabu cha gari. Muuzaji halali atakuonyesha cheti chake, namba ya bunduki ikilingana, na atakubali mkutane kwa muuza silaha mwenye leseni. Nilimpendekezea hivyo, akataka tukutane kwenye kituo cha mafuta barabara ya kwenda Njoro. Hapo hata kama bunduki ingekuwepo kweli, wewe ndiye ungebaki nayo mkononi bila karatasi, na tangu uhakiki wa wamiliki ulioanza mwishoni mwa 2018 polisi hawana mzaha na hilo.

Atakuambia pia kwamba "ni antiki, haihitaji leseni." Huo ni msamaha wa sheria ya Marekani ya 1968, unaohusu bunduki zilizotengenezwa hadi 1898. Haufiki Nakuru, na hata ungefika, bunduki ya 1969 haimo. Kama atakuambia ni ya kuwindia, mkumbushe kwamba uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.

Anabadilisha jina na laini kila baada ya muda, kwa hiyo msitegemee jina. Mjue kwa maneno: mjukuu anayehama nchi, mtu wa Eldoret "ako njiani na pesa," na haraka isiyoisha. Ukimwomba picha ya bunduki ikiwa kando ya gazeti la leo, anakasirika.

Kwa aliyetuma tayari: usifute mazungumzo, wala usimtukane akakuzuia. Sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, maana zikishatolewa kwa ajenti kazi inakuwa ngumu. Kisha nenda kituo cha polisi na picha zote, pamoja na zile zenye namba za bunduki, uandikishe na uondoke na namba ya OB. Ndugu wa Molo ameshafanya hivyo. Wengine watatu walioniandikia jana bado wanaona aibu kwenda, na kila anayekaa kimya anampa jamaa wiki nyingine ya kuuza bunduki ile ile.