Duka la Dagaa la Mwanga, Kigoma: Biashara Iliyofunzwa Kigali na Kwenye Serikali ya Wanafunzi

Duka ninaloliandikia liko Mwanga, mjini Kigoma, kando ya barabara inayokwenda Ujiji. Linauza dagaa wakavu, migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) iliyokaushwa, mawese na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, na halijaribu kuuza kitu kingine. Mwenye duka ni binti aliyehitimu masomo ya biashara hapahapa mjini, na ameniruhusu kueleza habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Hata hivyo, mtu akifika Mwanga akauliza duka la dagaa la yule binti aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, ataelekezwa bila shida. Mimi ni mteja wake tangu alipofungua, na sehemu kubwa ya ninachonunua huwatumia ndugu zangu wa Tabora kwa treni, kwa hiyo bidhaa zake huzipima mara mbili: kwanza kwa macho yangu, kisha kwa maneno ya watu wanaozipokea baada ya safari ndefu.

Nianze na dagaa, kwa kuwa ndio waliolijengea duka hili sifa. Anayewajua dagaa wa Ziwa Tanganyika anajua pia kero yao kubwa, nayo ni mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini ufukweni huokota mchanga, na mama anayewapika atawaosha mara nyingi na bado mlaji atasikia chembe chini ya jino. Binti huyu hununua waliokaushwa juu ya chanja, na hata hao hawaamini moja kwa moja. Mteja akitaja kiasi anachotaka, yeye huwamimina kwenye chekeche pana lililowekwa juu ya beseni, huwatikisa taratibu hadi vumbi, mchanga uliobaki na vichwa vilivyovunjika vidondoke, ndipo huwapeleka kwenye mizani. Mizani yenyewe ina stika ya Wakala wa Vipimo na imegeuziwa mteja, si muuzaji. Kinachobaki kwenye beseni huuzwa kwa wafugaji wa kuku kwa bei yake. Wauzaji wengi hupima kwanza, na mchanga huo mteja huulipia kwa bei ya samaki.

Siku moja ya masika nilifika nikiwa na haraka ya kuwahi treni. Alichukua dagaa wachache, akawavunja katikati kwa vidole, akawanusa, kisha akaniambia: “Shikamoo mama. Hawa ni wa kula leo na kesho. Wa kusafiri hadi Tabora naomba uwafuate keshokutwa, wakishapigwa jua tena.” Alikosa fedha yangu siku ile, nami niliudhika kidogo kwa kuwa safari yangu ya stesheni ilikuwa imekwisha kupangwa. Lakini dagaa ambao hawajakauka sawasawa wakifungiwa kwenye boksi hubadilika rangi, huwa na manjano na uchungu, na aibu ya mzigo huo ingeniangukia mimi mbele ya shemeji zangu.

Nilipomuuliza uangalifu huo aliutoa wapi, alinieleza kuhusu Kigali. Katika likizo ndefu ya mwaka wake wa pili alipanda basi kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, akavuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, akaenda kufanya kazi katika duka la jumla la nafaka na vyakula vikavu. Wenzake wengi walikuwa wametafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo katika ofisi za hapa mjini, ambako mwanafunzi wa biashara mara nyingi huishia kutoa nakala za nyaraka na kupeleka barua. Yeye alitaka mahali ambapo bidhaa inaingia na kutoka mbele ya macho yake. Lugha haikumsumbua kama alivyohofia, kwa kuwa Kiha cha nyumbani kwao na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, na Kiswahili nacho kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, ingawa sokoni alilazimika kujifunza hesabu za Kinyarwanda na salamu za Kifaransa kwa haraka.

Mwanzoni hakuruhusiwa kuigusa droo ya fedha. Aliwekwa nyuma ya duka kupanga magunia, na kanuni ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba mzigo uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka, kwa hiyo kila gunia liliandikwa tarehe kwa kalamu nene kabla halijapangwa. Jioni, mlango haukufungwa mpaka mifuko iliyobaki ihesabiwe na kulinganishwa na stakabadhi zilizotolewa siku hiyo; ikipungua mifuko miwili, wote walibaki mpaka ipatikane au ieleweke ilikokwenda. Mifuko ya kufungia ilikuwa ya karatasi, kwa kuwa Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, zaidi ya miaka kumi kabla ya katazo letu la Juni 2019. Hata leo dagaa wake hufungwa kwenye mifuko ya kaki, kila mmoja ukiwa umeandikwa kwa mkono tarehe ya kukaushwa, uzito na mwalo (mahali pa kushushia samaki) walikonunuliwa. Boksi la kusafirisha huwekewa karatasi mbili, moja nje yenye jina la mpokeaji na moja ndani yenye orodha ya vilivyomo, ili karatasi ya nje ikichanika mzigo usipotee utambulisho.

Asije mtu akadhani kazi ile ilikuwa raha. Malipo yalikuwa madogo na yalichelewa, chumba alichopanga kilimla karibu nusu ya alichopata, na kwa muda mrefu alikuwa mgeni ambaye hakuna anayemwita jioni kwenda kula naye. Anasema kilichomfungulia mlango kwa majirani ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo alishika jembe pamoja nao kuzibua mtaro na baada ya hapo akawa mtu wa mtaa. Naamini ukali wa maisha yale ndio uliomfanya awe mpole kwa vijana anaowaajiri sasa, ambao huwalipa siku aliyowaahidi.

Ufundi wa kupanga mzigo, kuandika tarehe na kuhesabu ni mambo ambayo mtu mwenye bidii anaweza kuyapata kwa mwajiri yeyote mkali. Lakini linalonifanya nipite maduka mengine na kwenda kwake ni jambo jingine, nalo kwa maoni yangu alilipata chuoni. Aliporudi kutoka Kigali aligombea uwakilishi wa darasa lake katika bunge la wanafunzi, na baadaye akateuliwa kuwa waziri wa fedha wa serikali ya wanafunzi. Wasiojua wanaona vyeo hivyo kama michezo ya vijana wanaotaka kuvaa suti. Ukweli ni kwamba kiongozi wa aina hiyo hushika fedha za watu wasio na akiba, watu ambao fedha zao za kujikimu, zile wanazoziita bumu, zikichelewa wiki moja tu wanalala na chai, na kila shilingi anayoichangisha kwao ina mwenye kuiuliza.

Alikuta minong’ono. Michango ya rambirambi ilikuwa ikikusanywa kila mwanafunzi mwenzao alipofiwa, na hakuna aliyeonyeshwa kilichopatikana wala kilichofikishwa kwa mfiwa. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kubandika ukutani orodha nzima, majina na kiasi alichotoa kila mmoja. Minong’ono ikaisha, ila ikaja kero mpya ambayo hakuitarajia: waliotoa kidogo kwa sababu hawakuwa na zaidi walijisikia wamevuliwa nguo hadharani, na katika msiba uliofuata baadhi yao hawakuchanga kabisa kuliko kuonekana wametoa shilingi mia tano. Badala ya kujitetea, aliwasikiliza, kisha akaanza kutoa stakabadhi zenye namba na kubandika namba hizo pamoja na kiasi, bila majina. Kila mchangaji aliweza kuhakiki mchango wake, jumla ilikuwa wazi kwa wote, na hakuna aliyeaibishwa.

Tazama jinsi jambo hilo linavyoishi dukani kwake. Sote tunayajua maduka yanayobandika majina ya wadaiwa ukutani, na tunawajua wamama wanaozunguka njia ndefu ili wasipite mbele ya maduka hayo. Kwake mkopo upo kwa wateja wanaofahamika, na kila mmoja ana namba katika daftari la madeni; kijana wa dukani husoma namba, hasemi jina, hata kama foleni ni ndefu. Hilo peke yake lingetosha kumpa sifa. Lakini pia kuna ubao wa bei karibu na mlango, unaoonyesha bei ya wiki iliyopita, bei ya leo na sababu ya tofauti. Wavuvi wetu huwavuta dagaa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hizo hazivuti kitu, mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Wanunuzi wa Kigoma wanalijua hilo, ila ni mara chache muuzaji kuliandika wazi na kisha kushusha bei mwezi unapofifia, kama yeye anavyofanya.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Alikuwa na akiba ya magunia, na angeweza kuyaficha ayatoe bei ikishapaa. Aliandika ubaoni kiasi alichonacho, akaweka kikomo cha kilo mbili kwa kila mteja, na alipoishiwa akafuta ubao na kuuza mafuta peke yake. Bei yake ilipanda, nami nililipa zaidi ya nilivyopenda, lakini sikurudi nyumbani nikijiona nimekamuliwa.

Kuna pia daftari la maoni lililofungwa kwa uzi mezani. Wateja huandika, naye hujibu chini yake kwa tarehe. Mzigo wangu mmoja ulikosa treni kwa sababu kijana aliyetumwa stesheni alichelewa. Niliandika kwa hasira, na nilipoenda tena nilikuta jibu, nauli ya mzigo ikiwa kwenye bahasha, na maelezo kwamba mizigo ya treni sasa hupelekwa asubuhi. Zaidi ya hayo, duka haliyumbi anapokuwa kwenye mwalo wa Kibirizi kununua. Chekeche hutumika vilevile, mizani hugeuzwa vilevile. Ananiambia alipomaliza muda wake wa uwaziri alikaa na mrithi wake siku nzima akimkabidhi hesabu na vitabu, na tangu hapo haoni kazi kuwa imekamilika ikiwa ni yeye peke yake anayeiweza. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Kigali ndiko kulikomtoa. Nchi ya watu ilimpa mikono ya kazi. Kuongoza wenzake, ambao wangeweza kumzomea asubuhi na kukaa naye darasani mchana, ndiko kulikomfundisha kuwajibika.

Yako mambo yasiyoniridhisha. Hauzi kwa kopo, anashikilia kilo na robo kilo, na ingawa namwelewa, mama mwenye fedha ya mboga ya siku moja tu hutoka mikono mitupu na kwenda kwa muuzaji wa barazani. Pakiti ndogo zaidi ya robo ingemfaa huyo bila kuvunja utaratibu wa mizani. Kupepeta kila mzigo mbele ya mteja kunachukua muda, na jioni foleni hufika nje. Anayeweza aende kabla ya saa nne asubuhi. Bei zake huzidi za Kibirizi, jambo ambalo naliona ni halali kwa sababu Kibirizi nitanunua na mchanga.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mawese. Uangalifu wote anaoutumia kwa dagaa haujafika kwenye chupa za mafuta, ambazo nyingi ni chupa za maji zilizotumika, hazina tarehe ya kukamuliwa wala kijiji yalikotoka. Nimewahi kupata chupa nzuri yenye harufu safi, na wiki iliyofuata nikapata yaliyokaa mno. Nimeliandika hilo kwenye daftari lake, naye amejibu kwamba anatafuta mkamuaji mmoja atakayekubali kuandika tarehe kwenye kila dumu. Mpaka atakapompata, dagaa wake nawanunua bila kuuliza, na mawese naomba kwanza nifunguliwe kifuniko ninuse.