En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada: nyuzi nane na sauti, kinanda hakuna

Nianze na hukumu kabisa msije mkateremka mpaka chini kuitafuta: hii albamu inunue, haswa wewe unaeshika udi ama kibangala (ndugu mdogo wa udi) na siku hizi huwezi kupiga bila kuegemea kinanda cha umeme. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nilipoikata ntasema.

Kwa wasiomjua, Ayub Ogada ni Mjaluo lakini kazaliwa Mombasa, 1956, kwa hivyo na sie wapwani turuhusiwe kujigamba kidogo hapo. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, wakampeleka Marekani angali mtoto, wao wakiwapigia wanafunzi wa vyuo muziki wa kwao. Kurudi Kenya akakua, na 1979 akawa mmoja wa walioanzisha bendi ya African Heritage pale Nairobi, ile iliyokuwa ikichanganya ngoma za nyumbani na roki na soul. Akaigiza pia, ukitazama ile filamu ya Out of Africa ya 1985 mpaka majina ya mwisho utamuona kaandikwa Job Seda, ndo yeye huyo. Halafu 1986 akabeba nyatiti yake, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, akaenda Uingereza, na huko hakuna aliyekuwa akimngoja, akawa anapiga njiani London, kwenye vituo vya treni, watu wanapita wanatupa senti. Ni huko huko watu wa WOMAD walikomnasa, lile tamasha ambalo mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ni miongoni mwa waanzilishi wake, na mwishowe 1993 albamu ikatoka kwa Real World ambayo ni kampuni ya huyo huyo Gabriel.

Hii stori ya njiani siileti kwa kunogesha tu. Mi naona albamu nzima imetoka pale. Mtu anakimbilia treni, una sekunde mbili tatu umsimamishe, huna ngoma, huna korasi, huna taa, una sanduku la nyuzi na koo lako. Sasa sikiza vile wimbo wa Obiero unavyofunguka, ule mcharazo wa mwanzo unajirudia rudia, mara umeshakukamata shati na yeye hata hajaanza kuimba vizuri. Hakuna mbwembwe za kuingilia. Nasi huku, tuseme kweli jamani, harusi ngapi mwaka huu umekwenda ukamkuta mpigaji mzima ana vidole vyake kumi, kabonyeza kitufe mashine inapiga mdundo yeye anaranda randa juu yake na watu wanamtunza vile vile. Nasema haya na mimi ni mmoja wao nnaekula kwa hiyo mashine 😅

Sasa chombo chenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane, chini bakuli la mti limewambwa ngozi, mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi sana karibu na ardhi, mguu wa kulia kidole gumba kimevishwa pete ya chuma ya kugongea mti na kwenye kifundo kuna njuga, yaani mtu mmoja ndo mpiga nyuzi na ndo mpiga ngoma. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi wanatia mshipi. Ndio, mshipi huu huu wa kuvulia. Nilikuwa baraza ya nyumbani Langoni, hapa Lamu, naisikiza albamu kwa spika, akapita mzee mmoja mvuvi anatoka bandarini, akasimama, akauliza hicho ni kibangala gani maana sauti hakuifahamu. Nikamweleza, nikafika kwenye nyuzi, basi hapo ndo akaweka kikapu chini. "Mshipi namba ngapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akasikiza mpaka wimbo ukesha, akasema ule wa chini kabisa si chini ya themanini, halafu akaenda zake. Mpaka leo hiyo ndo rivyu bora ya hii albamu nliyoisikia Lamu.

Ayub lakini hapigi kwa ile kasi ya wazee wa kijijini, yeye kaipoza, anaziacha nyuzi zilie mpaka mwisho wake. Wapo watakaosema kaipunguza makali kuwaridhisha Wazungu. Sikubaliani nao sana. Zein l'Abdin mtoto wa hapa hapa Lamu, akishika udi uzuri wake ulikuwa kwenye ile subira ya kuacha noti ipumue, na hakuna aliyemwambia anawapigia wageni. Tena hilo kabati la "world music" ambalo Ayub alitiwa ndani yake lina kisa chake, 1987 watu wa kampuni ndogo za rekodi walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana jina moja la kuandika kwenye shelfu za maduka, wateja wajue pa kutafutia. Ndo ikawa nyatiti na taarab na qawwali ya Wapakistani vyote shelfu moja, havina udugu wowote ila kwamba muuzaji hakujua aviweke wapi. Biashara ilisaidia, siwezi kukataa, bila hilo kabati sijui kama leo ningekuwa naandika haya.

Wimbo wa Kothbiro ndo mnaujua wengi hata kama jina hamlijui. Uliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener 2005, na wenyewe ni wa zamani kuliko albamu, toka enzi za bendi yake ya mwanzo, Black Savage, na ni hiyo rekodi ya Black Savage ambayo 2018 rapa Mmarekani Kanye West aliikata kipande akakitia kwenye wimbo wake Yikes. Jirani yangu ni mwalimu wa Siaya kapangiwa kazi huku, ndie alonifafanulia maneno: mvua yaja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi. Hakuna la zaidi, na anaimba kama habari kubwa kuliko hiyo haijapata kutokea. Mi ukiniuliza naipenda Obiero zaidi, lakini najua nna wachache upande wangu.

Tahadhari ya kusikiliza: hizi spika ndogo za bluetooth zinaimeza besi yote na ile midundo midogo midogo ya nyuma inapotea. Tia hedifoni, hata zile za bei rahisi za waya, utasikia mpaka kucha inavyogusa uzi. Na msinunue kwa flash. Nlijaziwa mimi na jamaa mmoja Malindi, kuja kufungua nyumbani, katikati ya Kothbiro pale sauti inaposhuka, dijei anapiga kelele jina lake na namba ya simu! Mara mbili! Wallahi nlicheka kwa hasira. Real World wenyewe wanaiuza mtandaoni, na kwenye Spotify ipo ukiwa na bando.

Nusu nyota nimeikatia hapo hapo mtandaoni. Unapata nyimbo kumi na picha ya jalada, kwisha. Nani kapiga ngoma, nani kaitikia, maneno yanasema nini, hakuna, na mtu asiyejua Kijaluo na asiye na jirani wa Siaya atabaki akitikisa kichwa tu. Si kosa la marehemu, ila hela ni yangu.

Ukimaliza hii utataka nyingine na hapo ndo utaumia kwa sababu alirekodi kidogo. Ile ya 2015, Kodhi, alofanya na mpiga gitaa Trevor Warren, ni nzuri ila gitaa linamjazia nafasi ambazo yeye alikuwa akiziacha wazi makusudi, mi ningempa tatu na nusu. Akafariki Februari 2019 huko Kisumu.

Kama unatafuta cha kuchezea harusini hii si yake, bibi harusi atakuuliza umewaletea msiba. Lakini wewe mpigaji, ipige ukiwa na udi mkononi, jaribu kuufuata ule mcharazo wa Obiero kwa mkono mmoja huku unaimba kitu chengine kabisa juu yake. Mi bado unanishinda baada ya ubeti wa pili. Alieweza hapa Lamu ama Malindi aseme tukutane, kahawa juu yangu, kinanda aache nyumbani.