Kubadili vipimo: ngazi ya nukta au kuzidisha kwa sehemu?

Ngazi ya km, hm, dam, m, dm, cm, mm (kutoka kilomita hadi milimita, kila kidato ni mara kumi) ina wepesi wake. Kubadili mita 3.45 kuwa sentimita, shuka vidato viwili, sogeza nukta mara mbili kulia: 345. Kwa urefu, gramu na lita inatosha kabisa. Ila maikromita isiandikwe kama kidato kinachofuata mm, maana 1 mm ni maikromita 1,000: vidato vitatu.

Kwenye eneo ndipo wengi wanapoteleza. 1 m² si 100 cm² bali 10,000 cm², kwa sababu urefu na upana vyote vimebadilika. Kila kidato kihesabiwe mara mbili. Kwenye ujazo, mara tatu.

Kuzidisha kwa sehemu, yaani kwa sehemu kama 1 kg / 1,000 g ambayo juu na chini ni kiasi kilekile, kunakula muda, lakini kunakulinda. Chukua densiti (tungamo kwa kila kizio cha ujazo) ya alumini:

2.7 g/cm³ × (1 kg / 1,000 g) × (1,000,000 cm³ / 1 m³) = 2,700 kg/m³

Gramu ya juu imekatana na ya chini, cm³ vilevile. Ukiipindua sehemu ya kwanza, jibu litabaki na g², na hapo hapo utajua umekosea. Ngazi haina onyo kama hilo. Nukta ikienda upande usio wake, jibu bado linaonekana safi.

Kwa hiyo wanaoanza wapewe ngazi, tena wakiwa na rula mkononi. Wakifika kwenye densiti na mwendokasi (72 km/h ni 20 m/s), wahamie kwenye sehemu, na vizio viandikwe kila mstari.