Bunduki nyepesi niliyoisubiri, na duka lililoniuzia

Nimechoka kubeba chuma. Miaka yote nimewinda na bunduki ya zamani aina ya Brno, ya risasi kubwa za .375. Kwa nyati siibadilishi, na sheria yenyewe haikuruhusu kumpiga na kitu kidogo zaidi ya hapo. Lakini kumfuata kongoni au swala pala kutwa nzima juani na mzigo ule begani, kwa umri wangu, ni mateso. Nilitaka bunduki nyepesi ya risasi ndogo kidogo, za .30-06, basi.

Kuipata ndiyo kazi. Wenzetu Wakenya walifungiwa uwindaji tangu 1977; sisi Watanzania bado tunao, ila ukiingia duka la silaha unakuta bastola na shotigani zimejaa kabatini. Raifo nyepesi mpaka iagizwe, na ukiagiza unaambiwa "mwezi ujao, mwezi ujao", hadi msimu unaofunguliwa Julai unakupita.

Yangu ilifika hatimaye, na nilivyoinyanyua nilifurahi mno. Bolti, lile komeo la kuingizia risasi, inateleza vizuri, kifyatuo ni laini. Inapiga teke kali, lakini silaha nyepesi ndivyo zilivyo, hilo silalamikii.

Shida ilianza kwenye shabaha. Nikiishika mkononi, risasi zinakaa pamoja. Nikiilaza juu ya mfuko wa mchanga, zinahamia kushoto, mbali kabisa. Nikachukua noti ya elfu kumi, nikaipitisha kati ya mtutu na plastiki ya kitako inayofika hadi chini ya mtutu, kuanzia mbele. Inatakiwa iteleze hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa, bila kukwama. Ilikwama palepale mwanzoni. Ukibonyeza ile plastiki kwa kidole gumba, inaegemea mtutu upande mmoja kabisa. Mtutu ukisukumwa hivyo, risasi haiwezi kwenda unakolenga. Kwa mnyama maana yake ni kumjeruhi akafie porini, jambo nisilolivumilia.

Nikarudi dukani, nikamwonyesha kijana wa kaunta kwa noti ileile. Hakuitazama hata. Macho kwenye simu, akanijibu: "Mzee wangu, bunduki zote nyepesi ziko hivyo. Ukitaka shabaha ya kijeshi nenda jeshini." Mbele ya wateja! Nikamwambia kijana, mimi nimeanza kushika silaha kabla hujazaliwa. Akacheka.

Na si kweli kwamba zote ziko hivyo. Rafiki yangu ana Tikka T3x Lite ya Ufini, kitako chake nacho ni plastiki, na noti inapita bila kukwama. Plastiki haina kosa. Kosa ni plastiki ya bunduki yangu kuwa laini mno pale mbele.

Wanajua huwezi kurudisha kirahisi. Namba ya silaha ikishaandikwa kwenye leseni, baada ya kuzungushwa kuanzia mtaani hadi mkoani, nani ana nguvu ya kuanza upya? Ndiyo maana wana kiburi.

Nilitaka kuandika msiinunue kabisa. Ila fundi silaha mmoja mwenye kibali amenipunguzia ile plastiki kwa msasa na kuikaza kwa ndani, na sasa inapiga palepale, juu ya mchanga au mkononi. Kusema ukweli ni bunduki nzuri, na kutwa nzima begani siihisi. Kwa hiyo silaha naisifu. Lile duka sirudi, hata risasi nitazifuata mkoa mwingine.