Uzoefu wangu na wakili wa familia: talaka, malezi ya watoto na wosia

Nilimfikia wakili huyu mjini Morogoro baada ya wakili wa kwanza, ambaye sitamtaja, kuniacha njia panda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha mazingira machache yaliyoainishwa, shauri la talaka halifunguliwi mpaka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa litoe cheti cha kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, na cheti hicho kisiwe kimepitisha miezi sita siku ya kufungua shauri. Changu kilikuwa kimelala kwenye jalada la wakili wa kwanza kwa miezi minane. Huyu wa pili aliangalia tarehe kabla ya jambo lingine lolote, akasema turudi barazani. Siku ile nilimkasirikia, lakini leo hilo ndilo jambo la kwanza ninalomsifia.

Nina watoto wawili, wa miaka mitano na kumi na mmoja, na nilikwenda nikiamini kwamba mama hupewa watoto bila mjadala. Alinifafanulia kwamba sheria inadhani ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa yule mkubwa mahakama ingetazama ustawi wake na pengine ingetaka kumsikia mwenyewe. Kisha alifungua daftari la shule, akachora siku saba za wiki, akaanza kuuliza: nani huamka kuwaandaa, nani hulipa bajaji, likizo wanalala kwa nani, dawa ya pumu ya mdogo hukaa wapi. Kutokana na ukurasa ule, mimi na mzazi mwenzangu tulielewana kuhusu matunzo na wikiendi kabla ya mashahidi kuitwa.

Kwenye mali hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nyumba ilikuwa kwa jina la mume na mimi sikuwahi kuajiriwa. Alinieleza shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali za ndoa. Wengi huishia hapo. Yeye aliongeza kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa alionekana kufuja fedha alizopewa na mumewe, kisha akaniagiza nikatafute risiti za saruji na watu waliolijua genge langu la biashara.

Kama ni nyota, nampa nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa sababu ya malipo: ada tuliafikiana, lakini nauli na gharama za nakala nilizijua vipande vipande, na mtu anayetengana na mwenzake hana akiba ya kushtukizwa.

Sikutarajia kwamba angeniuliza kuhusu wosia. Nilikuwa nao wa zamani, uliomwachia mume karibu kila kitu, na alinikumbusha kwamba kutengana peke yake hakuvunji ndoa wala hakubadilishi maandishi yale. Tuliandika mpya. Kwa kuwa sisi hufuata sheria za kimila katika mirathi na mimi najua kusoma na kuandika, walitakiwa mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mdogo wangu alikuja amevaa shati jeupe, kalamu ya wino mfukoni, tayari kutia saini. Wakili alimuuliza kwa upole, "Kaka, wewe umetajwa humu?" Alikuwa ametajwa kwenye kiwanja, na mrithi hafai kuwa shahidi wa wosia unaomnufaisha. Alitoka akasubiri nje ya ofisi mpaka shangazi alipofika, na baadaye wosia tuliupeleka RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, ukahifadhiwe. Kalamu tulibaki nayo ndani, tukaitumia.